Nafasi hii ni ya nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rangi na haki katika kuchagua waigizaji

Kila filamu kubwa inapotangaza majina ya waigizaji wake, maswali haya hurudi, na mara nyingi hurudi yakiwa na hasira. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza ya usaili. Kazi yangu ilikuwa kumsomea mwigizaji mistari ya mhusika mwenzake. Kwa hiyo majibu yamechanganyika: mengine ni historia na sheria, mengine ni niliyoyaona mwenyewe, na mengine ni maoni yangu tu. Utayatambua.

Nani hasa anaamua nani apewe nafasi?

Wengi hudhani ni mwongozaji. Kweli ana neno kubwa, ila anachagua kati ya watu waliokwisha kuchujwa mara tatu au nne. Muswada ukiwa tayari, msimamizi wa usaili huandika maelezo mafupi ya kila mhusika, mistari miwili mitatu, kisha huyatuma kwa mawakala. Wakala anapitia orodha ya watu wake na kupeleka majina ya wale anaoona wanafaa. Msimamizi anachagua wa kuitwa, au wa kuombwa wajirekodi nyumbani na kutuma video. Wachache huitwa tena. Nafasi ikiwa kubwa, watayarishaji, studio na wenye fedha huwa na kauli ya mwisho, na swali lao ni moja: jina gani litauza?

Sasa chukua mstari mmoja wa maelezo hayo: "Daktari, miaka 40, mcheshi, amechoka na kazi." Rangi haikutajwa. Wakala aliyechoka kama huyo daktari anapeleka majina tisa, na manane ni ya Wazungu. Chini yake pameandikwa: "Dereva wa teksi, Mwarabu, lafudhi nzito." Huyu katajwa. Asiyetajwa rangi anahesabiwa kuwa Mzungu, na anayetajwa hutajwa kwa sababu hadithi inamtaka awe mgeni, masikini au mtu wa kuogopwa. Hakuna aliyetamka neno baya wala aliyemfukuza mtu mlangoni, na tayari nafasi ya daktari imeshampata mwenyewe.

Ndiyo maana ukiniuliza kama usaili fulani ulikuwa wa haki, sianzii kwenye chumba cha usaili. Naomba kwanza nione ule mstari.

Kuigiza si ni kujifanya mtu mwingine? Rangi inaingiaje?

Ningekosa jibu kama ruhusa ya kujifanya ingekuwa ya watu wote. Haikuwa hivyo.

Anna May Wong alizaliwa Los Angeles mwaka 1905 katika familia yenye asili ya China, na kufikia miaka ya 1930 alikuwa nyota anayejulikana hadi Ulaya. Studio ya MGM ilipoandaa filamu kubwa kuhusu wakulima wa China, iliyotoka mwaka 1937, wengi walimtazamia yeye kwa nafasi ya mke. Lakini mume alikuwa amekwisha kupewa Paul Muni, Mzungu aliyebadilishwa sura kwa vipodozi. Kanuni za maadili zilizoibana Hollywood tangu mwaka 1934 zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Mzungu na Mweusi, na studio zilizinyoosha kanuni hizo hadi kwa Waasia. Nafasi ya mke ikaenda kwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, aliyeshinda Oscar kwa kazi hiyo. Wong aliangaliwa kwa nafasi ya mke mdogo tu, akaikataa.

Kwa hiyo mwanamke wa Kichina alikosa kuigiza mwanamke wa Kichina kwa sababu Mzungu alikuwa anaigiza mwanamume wa Kichina. Kujifanya kulikuwa na njia ya kwenda tu, hakuna kurudi. Mwaka 1956 John Wayne alicheza Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia. Mwaka 1961 Mickey Rooney alivishwa meno ya bandia ili awe Mjapani wa kuchekesha. Mwaka 1965 Laurence Olivier alijipaka weusi mwili mzima kwa ajili ya Othello, mhusika Mweusi wa Shakespeare, kwenye sinema, ilhali Ira Aldridge, mwigizaji Mweusi mzaliwa wa New York, alikuwa ameicheza nafasi hiyo hiyo jukwaani London mwaka 1833. Waigizaji walikuwepo. Waliotakiwa hawakuwa wao.

Mweusi akicheza mfalme wa Uingereza mnashangilia, Mzungu akicheza Mandela mtapiga kelele. Huo si undumilakuwili?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na sipendi linavyojibiwa kwa matusi, maana si swali la kijinga.

Ungekuwa undumilakuwili kama pande mbili zingeanza mbio kwenye mstari mmoja. Mwaka 2000 David Oyelowo alicheza Henry VI katika kampuni ya Royal Shakespeare. Mwaka 2021 Jodie Turner-Smith, naye Mweusi kama Oyelowo, alicheza malkia Anne Boleyn kwenye televisheni ya Uingereza. Hesabu sasa wafalme na malkia wa Uingereza waliochezwa na Wazungu kabla yao, katikati yao na baada yao. Hakuna mwigizaji Mzungu aliyebaki bila mfalme wa kucheza. Upande wa pili, nafasi kubwa za watu Weusi wa kihistoria ni chache kiasi kwamba ukimchomolea mtu moja, huenda asipate nyingine maisha yake yote.

Sababu nyingine ni kazi inayofanywa na ngozi ndani ya hadithi. Hadithi ya Mandela ni hadithi ya nchi iliyowagawa watu kwa ngozi zao. Ukibadilisha ngozi, umeondoa hadithi yenyewe. Hadithi ya Boleyn, mke wa mfalme anayekatwa kichwa kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume inasimama juu ya mambo mengine: tamaa, hofu, tumbo la uzazi. Mtazamaji atashangaa dakika tano, kisha atasahau.

Lakini nakiri kwamba si kila mara mambo hunyooka hivyo. Tamthilia inapotujazia kasri la Uingereza la karne ya 19 mabwana Weusi wenye suti za hariri, bila hata neno moja kuhusu mashamba ya miwa na watumwa waliolipia makasri kama hayo, mimi naona ukuta wenye ufa umepakwa chokaa. Mwigizaji kapata kazi, na nafurahi kwa ajili yake. Ila mwandishi amekwepa.

Na kipindi kikijiita cha kihistoria kipimo hubadilika. Mwaka 2023 Netflix ilitoa mfululizo wa maelezo ya kihistoria ambamo Cleopatra, malkia wa Misri ya kale, alichezwa na Adele James, Mwingereza mwenye asili mchanganyiko. Wamisri wengi walilalamika kwamba malkia huyo hakuwa Mweusi, na mamlaka ya mambo ya kale ya nchi hiyo ikatoa tamko. Kwenye mchezo wa kuigiza ningesema waacheni wacheze. Lakini kipindi kinachomwambia mtazamaji "hivi ndivyo ilivyokuwa" kinadaiwa ushahidi kwa kila kinachoonyesha, uso wa malkia ukiwemo.

Nguva ni habari nyingine. Halle Bailey, mwigizaji Mweusi, alipotangazwa mwaka 2019 kuwa ndiye atakayecheza nguva wa Disney, watu wazima waliandika makala kuthibitisha kwamba nguva ni mweupe. Nguva hana cheti cha kuzaliwa.

"Usaili usiotazama rangi" maana yake nini? Si ndiyo haki yenyewe?

Maana yake ni kwamba nafasi inafunguliwa kwa yeyote, na anayeigiza vizuri zaidi anaichukua. Linasikika vizuri. Lina matatizo mawili.

Kwanza, watazamaji wana macho. Ukimweka Mweusi kwenye nafasi ya mfungwa na Mzungu kwenye nafasi ya hakimu, hata kama uliwachagua ukiwa umefumba macho, tumeona picha fulani na imetuambia jambo. Ndiyo maana waongozaji wengine hufanya kinyume: hutazama rangi kwa makusudi kabisa. Mchezo wa muziki Hamilton, uliofika Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, mwaka 2015, uliwapa Weusi na Walatino nafasi za waasisi Wazungu wa Marekani. Pale rangi ndiyo hoja. Ukimweka Mzungu aliyeimba vizuri zaidi, umeshaandika mchezo mwingine.

Tatizo la pili lilisemwa na August Wilson, mwandishi Mweusi wa michezo ya kuigiza, mwaka 1996. Yeye alikataa kabisa wazo la kuwapa Weusi nafasi zilizoandikwa kwa ajili ya Wazungu. Alitaka fedha na majukwaa yaende kwa michezo inayohusu maisha ya Weusi wenyewe. Wengi walimwona mkali mno. Mimi naona alichokuwa anauliza hakijajibiwa hadi leo: kuna faida gani kuingizwa kwenye nyumba ya jirani kila siku kama ya kwako haijengwi?

Sheria inasemaje? Si ni marufuku kuajiri kwa rangi?

Nchini Marekani, sura ya saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa ajira. Inaruhusu sifa maalumu pale kazi inapozidai kweli, na inataja jinsia, dini na asili ya taifa. Rangi haimo. Kwa maandishi tu, tangazo la "anatafutwa mwanamke Mweusi" lingeweza kuleta kesi.

Lakini mahakama zina jambo jingine la kupima, nalo ni uhuru wa kujieleza. Mwaka 2012 wanaume wawili Weusi walikishtaki kituo cha televisheni cha ABC baada ya kukosa nafasi kwenye kipindi chake maarufu cha kutafuta mchumba, wakisema hakijawahi kuwa na mhusika mkuu asiye Mzungu. Mahakama ya shirikisho huko Tennessee iliitupa kesi: uchaguzi wa waigizaji ni sehemu ya ujumbe wa kipindi, na ujumbe unalindwa na Katiba. Ukiitafakari hukumu hiyo, inakata pande zote mbili. Inamlinda anayetaka watu Weusi watupu na anayetaka Wazungu watupu.

Uingereza ni wazi zaidi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamruhusu mwajiri kudai mtu wa rangi au asili fulani kama kweli kazi inahitaji hivyo na dai halipitilizi.

Kumbuka tu kwamba sheria huangalia aliyekataliwa. Haiwezi kumwamuru mwandishi aandike.

Ni kweli Oscar sasa wanalazimisha idadi ya Weusi?

Hapana. Mwaka 2015 na tena 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa katika vipengele vinne vya uigizaji walikuwa Wazungu, na lawama zilizoanzishwa mtandaoni na April Reign zikaenea dunia nzima. Mwaka 2020 wenye tuzo walitangaza masharti kwa filamu zinazowania tuzo ya filamu bora, yakaanza kutumika kwa tuzo za mwaka 2024. Vipengele ni vinne, filamu inatakiwa itimize viwili, na kimoja tu kati ya vinne ndicho kinachohusu wanaoonekana kwenye skrini na hadithi yenyewe. Vingine vinahusu mafundi na viongozi wa uzalishaji, nafasi za mafunzo, na idara za masoko. Filamu yenye Wazungu watupu mbele ya kamera inaingia bila shida.

Mweusi yeyote anaweza kucheza Mweusi yeyote?

Mwaka 2017 Samuel L. Jackson alihoji kwenye redio kwa nini Mwingereza, Daniel Kaluuya, alipewa nafasi ya kijana Mweusi wa Marekani. Mwaka 2019 Cynthia Erivo, mzaliwa wa London mwenye wazazi Wanigeria, alipocheza Harriet Tubman, Mweusi wa Marekani aliyetoroka utumwa na kuwaokoa wengine, lawama zilikuwa hizo hizo. Hoja yao ina uzito: Mweusi si rangi pekee, ni historia, na ya Marekani ina majeraha yake.

Sawa. Lakini kipimo hicho kitumike na kwingine. Morgan Freeman, Mmarekani, alimcheza Mandela mwaka 2009. Idris Elba wa London akamcheza mwaka 2013. Waigizaji wa Afrika Kusini hawakuulizwa. Na sisi tunaozungumza lugha za Afrika tumeshasikia sana ile lafudhi ya "Kiafrika" ya sinema, isiyotoka nchi yoyote wala mdomo wowote. Binafsi sidai pasipoti. Nadai mwigizaji apewe mwalimu wa lafudhi na miezi ya kujifunza, na kwamba usaili uwe umefika hadi kwa wenye hadithi kabla ya kufungwa.

Mbona hata kati ya Weusi wanaong'aa ni wa maji ya kunde?

Umeona vizuri, hasa kwa wanawake. Mwanamume mweusi tii hupewa nafasi ya shujaa, lakini mpenzi wake ni nadra awe na rangi kama yake. Mfano unaotajwa zaidi ni filamu ya mwaka 2016 kuhusu mwimbaji Nina Simone, mwanamke ambaye weusi wake na pua yake vilikuwa sehemu ya mapambano ya maisha yake. Nafasi alipewa Zoe Saldaña, aliyepakwa vipodozi vya kumtia weusi na kuwekewa pua ya bandia. Mwaka 2020 Saldaña aliomba radhi hadharani. Mtu alikaa akachanganya rangi ya kumtia mwanamke weusi, wakati wanawake waliozaliwa nao walikuwa wanasubiri kwenye korido.

Na katuni je? Sauti haina rangi.

Sauti haina, ila mshahara unao mpokeaji. Mwaka 2020 Hank Azaria aliacha kumtolea sauti mwenye duka wa Kihindi katika katuni The Simpsons, na mwaka huo huo watayarishaji walitangaza kwamba Wazungu hawatatoa tena sauti za wahusika wasio Wazungu. Kwangu tatizo halikuwa koo la Azaria. Lilikuwa kwamba kwa miaka mingi Mhindi mashuhuri kuliko wote kwenye televisheni ya Marekani alikuwa lafudhi ya kuigiza.

Filamu zenye waigizaji wasio Wazungu haziuzi nje, sivyo?

Hii iliaminiwa kama sheria ya maumbile. Mwaka 2018 Black Panther iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Mwaka huo huo Crazy Rich Asians, iliyogharimu takriban dola milioni 30, iliingiza zaidi ya milioni 230. Kisichobadilika ni namna hasara inavyoelezwa. Filamu ya Wazungu ikianguka, lawama huenda kwenye muswada, mwezi wa kutoka au mvua. Ya Weusi ikianguka, wanasema watu Weusi hawauzi.

Ukishapata nafasi, si mambo yamekwisha?

Ngoja nikueleze asubuhi moja. Saa kumi na moja alfajiri, kiti cha vipodozi. Mwigizaji ni dada mweusi, amebeba mfuko wa plastiki ndani ya mkoba. Anaufungua kimya kimya: poda ya rangi yake, mafuta ya nywele, kitana cha meno mapana, kitambaa cha kulalia. Hajaulizwa. Amebeba kwa sababu kazi tatu zilizopita hapakuwa na poda inayomfaa wala mtu anayejua kushika nywele zake. Fundi wa vipodozi, mtu mpole tu, anamshukuru kwa "kuokoa muda". Mwenzake Mzungu kwenye kiti cha pili amekuja na simu yake tu, na amesinzia.

Halafu kuna taa. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, ikaitwa "Shirley". Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi "sahihi", na nyuso nyeusi zikazama gizani, macho na meno tu yakibaki. Kamera za kidijitali zimepunguza tatizo, ila mpangaji wa taa anayemwangazia Mzungu kwanza kisha "kumrekebishia" mwenzake bado yupo. Na nyuma ya pazia kuna wale wa matukio ya hatari: desturi ya kumpaka Mzungu rangi ili aanguke badala ya mwigizaji Mweusi ilidumu muda mrefu baada ya kupaka rangi mbele ya kamera kuonekana aibu.

Nikiitwa kucheza mhalifu au mtumishi, nikatae?

Sina haki ya kumwambia mtu mwenye kodi ya nyumba akatae kazi. Hattie McDaniel alishinda Oscar mwaka 1940, Mweusi wa kwanza kufanya hivyo, kwa nafasi ya mtumishi wa ndani. Usiku huo alikaa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ile ile, kwa sababu hoteli haikupokea Weusi na ruhusa ya kumwingiza ilibidi iombwe. Weusi wenzake wengine walimlaumu kwa nafasi alizokubali. Mimi nawalaumu zaidi walioandika nafasi hizo na kuacha nyingine zote bila kuziandika.

Kinachosaidia ni kuuliza kabla ya kusaini. Mhusika huyu anataka nini? Kuna tukio ambalo yupo na halihusu rangi yake? Anakufa ukurasa wa ngapi? Tulilelewa tukiambiana kwamba staringi hafi, sasa angalia nani amepangiwa kufa mapema ili staringi apate hasira.

Na uliza jina. Niliwahi kumsomea kijana mmoja mistari, naye alipomaliza akauliza kwa adabu, "Huyu ninayemcheza anaitwa nani?" Tukatazama karatasi. Palikuwa pameandikwa "Mlinzi wa Pili". Msimamizi akacheka kidogo, akasema atauliza. Kwenye muswada uliofuata mlinzi alikuwa anaitwa Joseph. Mistari ilibaki ile ile mitatu.